Kifaa cha ELM327 na gari linalochemsha: tathmini kutoka Nyanda za Juu Kusini

Kifaa ninachokizungumzia ni kile kidogo, cheusi au cha buluu, kinachochomekwa chini ya dashibodi kwenye soketi yenye pini 16 na kuunganishwa na simu kwa Bluetooth. Wauzaji wa spea wa Mwanjelwa, jijini Mbeya, wanakiita mashine ya kupimia gari, wengine wanakiita OBD tu, na kwenye boksi lake huandikwa ELM327, jina la chipu iliyobuniwa na kampuni ya Elm Electronics ya Kanada, ingawa vingi kati ya vinavyofika kwetu ni nakala zake za bei nafuu. Bei ya nakala hizo haifikii nusu ya gharama ya kujaza tangi la petroli la gari dogo. Nimekitumia kwenye Toyota IST na kwenye Noah, katika njia za Iringa, Mafinga, Makambako, Mbeya hadi Tukuyu, kwa lengo moja: kujua kwa nini gari linachemsha na kama feni ya rejeta inafanya kazi yake. Tathmini hii inahusu kazi hiyo peke yake. Sifa nyingine ambazo wauzaji hukibandika, hasa ile ya kupunguza matumizi ya mafuta, sitazijadili, kwa kuwa kifaa kinachosoma taarifa tu hakina njia ya kupunguza chochote.

Maoni yangu kwa ujumla ni mazuri. Mwenye gari la petroli lenye feni ya umeme, anayeishi katika milima hii au anayeipita mara kwa mara, atakuwa ametumia fedha yake vizuri akikinunua, mradi akichukulie kuwa kipimajoto na amwachie fundi kazi ya fundi. Matatizo mengi niliyoyaona kwa watu wanaokilalamikia yametokana na kukitaka kijibu maswali ambayo hakina hata sensa ya kuyasikia.

Kikwazo cha kwanza hutokea kabla ya kipimo chochote. Marekani iliyalazimisha magari mapya madogo kuwa na mfumo wa OBD-II, yaani lugha moja ya pamoja ambayo kompyuta ya gari huitumia kutoa taarifa kupitia soketi hiyo, kuanzia modeli za mwaka 1996, na Umoja wa Ulaya ukafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001, lakini magari yetu mengi yalitengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani, ambako watengenezaji waliendelea kwa miaka kadhaa kutumia lugha zao wenyewe ndani ya soketi ileile. Ndiyo maana IST au Vitz ya miaka ya mwanzo ya 2000 inaweza kuwa na soketi yenye umbo sahihi kabisa, taa ya kifaa ikawaka vizuri, na bado programu ikasema kwamba kompyuta ya gari haijibu. Programu za Torque na Car Scanner, ambazo ndizo nilizozitumia, zina mahali pa kuchagua aina ya gari au kuandika amri maalumu za kuanzishia mawasiliano na Toyota za Japani, na mara nyingi hapo ndipo mlango unapofunguka. Usipofunguka, huenda tatizo ni nakala yenyewe. Nyingi kati ya zile zilizoandikwa toleo la 2.1 zimepunguzwa amri na zinashindwa na mawasiliano ya magari ya zamani, wakati zile za toleo la 1.5 kwa kawaida huwa na uwezo zaidi, ingawa maandishi ya kwenye boksi si dhamana. Ushauri wangu ni kwamba mnunuzi aende dukani na gari lake, akichomeke, aone joto la maji likisomeka kwenye simu, ndipo alipe. Muuzaji anayekataa jaribio hilo la dakika chache ana sababu yake.

Kikishaunganishwa, faida yake inaonekana papo hapo, na faida hiyo inatokana na udhaifu wa mshale wa joto uliopo kwenye dashibodi. Watengenezaji wengi huupanga mshale huo ukae katikati katika eneo pana la joto, takriban kuanzia nyuzi 75 hadi kupita 100 kidogo, ili dereva asishtuke kila joto linapopanda na kushuka. Kwa hiyo mshale unapoanza kuondoka katikati, hali imekwisha kuwa mbaya. Passo na Vitz kadhaa hazina hata huo mshale. Zina taa ya buluu ya injini baridi na taa nyekundu ya injini iliyochemsha, na katikati ya taa hizo mbili dereva haambiwi kitu. Kifaa cha ELM327 kinasoma namba ileile ambayo kompyuta ya gari inaitumia kuamua iwashe feni au isubiri, na kinaionyesha kwa nyuzi mojamoja. Dereva aliyezoea kuona 84 akipanda kuelekea Uyole, siku akiona 92 mahali palepale na kwa mwendo uleule, atakuwa amepewa taarifa wiki kadhaa kabla ya mvuke kutoka kwenye boneti.

Kabla ya kuiamini namba hiyo, hata hivyo, ni lazima sensa yenyewe ipimwe, na hapa baridi yetu inasaidia. Gari likilala nje usiku kucha, asubuhi kabla ya kuwasha injini maji ya kwenye injini na hewa inayoingia kwenye injini huwa na joto linalokaribiana sana. Programu inaonyesha namba zote mbili. Asubuhi ya Julai pale Mbeya, kama sensa ya hewa inasoma 10 na ya maji inasoma 11, hakuna cha kuhoji. Kama ya maji inasoma 30 wakati injini haijaguswa tangu jana, sensa hiyo inadanganya na kompyuta inawasha feni kwa kuufuata uongo huo. Kipimo cha pili ni kuchomoa plagi ya sensa ya maji huku swichi ikiwa imewashwa: namba inapaswa kuanguka hadi nyuzi 40 chini ya sifuri, ambayo ndiyo namba ya chini kabisa ambayo mfumo huu unaweza kuiandika, na kwenye magari mengi feni itaanza kuzunguka yenyewe injini ikiwa inaunguruma, kwa sababu kompyuta iliyopoteza sensa huchagua usalama. Namba isipobadilika kabisa, waya umegusana mahali fulani.

Jaribio la feni ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa kuwa ni rahisi na linaondoa mabishano. Gari liegeshwe mahali tambarare, maji yakiwa yamejaa, kiyoyozi kimezimwa, injini iungurume bila kukanyagwa, na simu ionyeshe joto la maji pamoja na volti za betri. Joto litapanda bila kusita hadi kwenye nyuzi 80 na kidogo, ambapo thamostati, vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate joto, hufunguka na namba husitasita au kushuka kidogo kabla ya kuendelea kupanda. Kwenye Toyota nyingi ndogo feni huwaka joto likiwa kati ya nyuzi 90 na 100, kutegemea injini. Mtu aliye ndani ya gari anaweza kuijua dakika hiyo bila hata kusikia feni, kwa sababu volti hushuka kidogo kwa muda mfupi inapovuta umeme, kisha oltaneta, jenereta inayochaji betri, hufidia. Baada ya hapo joto linapaswa kushuka nyuzi kadhaa, feni izime, na mzunguko uanze upya. Ukirekodi kwenye programu na kuangalia mchoro wake, utaona mstari wenye meno kama ya msumeno, na meno yanayolingana ni dalili kwamba sensa, kompyuta, rilei (swichi ya umeme inayowasha feni), mota na rejeta vyote vinatimiza wajibu wao gari likiwa limesimama.

Mchoro usipokuwa hivyo, namna unavyoharibika ndiyo inayoonyesha pa kuanzia. Joto likipita 100 na feni imekaa kimya, washa kiyoyozi. Kwenye magari mengi yenye feni ya umeme, kiyoyozi kikiwashwa feni huamriwa kuzunguka bila kusubiri joto, kwa hiyo feni ikizunguka wakati huo, mota yake ni nzima na kosa liko kwenye sensa au kwenye amri. Lakini kwa gari lenye feni mbili ni lazima mtu ashuke aone ni ipi inayozunguka, kwa kuwa moja inaweza kuwa ya kiyoyozi. Isipozunguka kabisa, kifaa kimemaliza mchango wake na kazi inahamia mikononi: kuangalia fyuzi, kubadilishana rilei ya feni na nyingine ya aina ileile iliyomo kwenye boksi hilohilo, na mwishowe kuchomoa plagi ya mota na kuipa umeme wa volti 12 moja kwa moja kutoka kwenye betri. Mota isiyozunguka hapo imekufa. Kuna pia hali ya katikati, ambayo nadhani ndiyo inayowapoteza mafundi wengi, nayo ni mota inayozunguka kwa uvivu kwa sababu makaa yake, vile vipande vinavyopeleka umeme ndani ya mota, yameisha. Kwa macho feni inaonekana inafanya kazi. Kwenye mchoro, feni inawaka kwenye nyuzi 95, joto linaendelea hadi 99, linakaa hapo muda mrefu, halitaki kushuka. Hali hiyo huonekana pia feni ikifungwa ikazungushwa kinyume baada ya mtu kubadilisha nyaya, ikawa inasukuma hewa kuelekea mbele badala ya kuivuta kupitia rejeta. Karatasi nyepesi ikiwekwa mbele ya rejeta inapaswa kunaswa na kubaki imebanwa.

Kilichonifanya nikithamini zaidi kifaa hiki ni jambo linalohusu mwinuko wetu, ambalo vitabu vya mwongozo vya magari havilitilii mkazo kwa kuwa havikuandikwa kwa ajili ya Mbeya. Maji huchemka kwenye nyuzi 100 pale Dar es Salaam, lakini kiwango hicho hushuka takriban nyuzi moja kwa kila mita 300 za mwinuko. Mjini Mbeya, kwenye mita zipatazo 1,700, maji ya kawaida yanachemka kwenye nyuzi 94 au karibu na hapo, na ukipanda hadi uwanda wa Kitulo, kwenye mita 2,600, yanachemka kwenye 91 au 92. Kinachozuia maji ya injini yasichemke kwenye joto hilo ni mgandamizo unaohifadhiwa na kifuniko cha rejeta, kile kilichoandikwa 0.9 au 1.1 juu yake. Kifuniko kizima kinasogeza kiwango cha kuchemka hadi kupita nyuzi 110 hata huku juu. Kifuniko ambacho springi yake imechoka au mpira wake umepasuka hakisogezi chochote, na matokeo yake ni kwamba maji yanachemka kabla feni haijafikia joto la kuwashwa.

Jirani yangu, mwalimu, alilipeleka gari lake kwenye gereji moja likiwa linatupa maji kila linaposimama, na akaambiwa, "Mwalimu, hapa gasketi ya hedi imeshaungua, tufungue tu tuipeleke ikachongwe." Tulilipima nyumbani kabla hajaliacha huko. Namba kwenye simu ilikuwa 95, namba ya kawaida kabisa, wakati chupa ya akiba ikibubujika na mvuke ukivuja pembeni mwa kifuniko. Kwa mtu wa Dar es Salaam picha hiyo ingekuwa kitendawili. Kwa Mbeya ina maelezo ya wazi. Kifuniko kipya kilinunuliwa kwa bei ya chakula cha mchana na tatizo likaisha. Sitaki kusema kwamba kila gari linalotupa maji lina kifuniko kibovu, wala fundi yule hakuwa mjinga, kwani gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya bloku na kichwa cha injini, ikiungua nayo hutupa maji kwenye chupa ya akiba. Hoja ni kwamba namba ya joto ikiwekwa pamoja na mwinuko wa mahali gari lilipo inakuambia kitu ambacho macho peke yake hayakioni, yaani kwamba maji yanachemka bila injini kuwa na joto la kupindukia.

Kanuni inayofundishwa kila mahali ni kwamba gari linalochemsha likisimama au likienda polepole lina tatizo la feni, na gari linalochemsha kwenye mwendo wa kasi lina tatizo la rejeta, maji, thamostati au wota pampu, kwa kuwa upepo wa mwendo wa kilomita 60 kwa saa na zaidi unatosha bila feni. Kanuni hiyo ni nzuri kwa barabara ya tambarare. Ukiwa unapanda Mlima Kitonga nyuma ya lori lenye shehena ya Zambia, kwa gia ya kwanza na ya pili, injini inatoa joto jingi la mlima huku upepo ukiwa ni ule wa foleni ya mjini, na hapo feni dhaifu na rejeta iliyoziba nusu hutoa dalili ileile. Nilichojifunza kukifanya ni kurekodi joto, mwendo na mizunguko ya injini kwa safari nzima, kisha kulinganisha Kitonga na mahali pengine. Kama joto linapanda Kitonga, na linapanda pia kwenye kipande cha kutoka tambarare ya Usangu kupitia Igurusi na Inyala kuelekea Uyole hata barabara ikiwa wazi na gari likiwa na mwendo mzuri, feni haihusiki sana. Mtu aangalie rejeta. Kama linapanda Kitonga nyuma ya malori tu, na likashuka mara barabara inapofunguka, feni ndiyo ya kuchunguzwa kwanza. Mafundi wenye uzoefu wa barabara hii huyajua haya kwa kumhoji dereva. Rekodi inafaa kwa sababu madereva wengi, nikiwemo mimi, hatukumbuki vizuri gari lilikuwa na mwendo gani lilipoanza kupata joto.

Sasa niseme yale ambayo kifaa hakiyaoni, kwa kuwa baadhi yake ni ya hatari. Hakioni kiwango cha maji. Sensa ya joto imetengenezwa ikae ndani ya maji, na maji yakipungua hadi ikabaki kwenye mvuke au hewa tupu, namba inaweza kuyumba au kushuka wakati chuma cha injini kinaendelea kupata moto. Dereva anayeona 104 ikigeuka ghafla kuwa 85 bila sababu asishukuru. Asimame, azime injini, na asifungue kifuniko cha rejeta hadi injini ipoe. Kifaa hakioni mgandamizo, hivyo hakiwezi kukuambia kama kifuniko kinashika au mpira wa rejeta unavuja kwa siri. Hakioni wota pampu ambayo mapanga yake yamelika. Na gasketi ya hedi, ambayo ndiyo hofu ya kila mwenye gari lililochemsha, haina sensa yoyote. Dalili zake hutafutwa kwa njia nyingine: viputo vinavyoendelea kutoka kwenye mdomo wa rejeta tangu injini ikiwa baridi, mpira wa juu unaokuwa mgumu dakika chache baada ya kuwasha, oili inayogeuka rangi ya maziwa, au kile kimiminika cha buluu kinachogeuka njano kikikutana na moshi wa injini uliovuja ndani ya maji. Gereji yenye kipimo hicho cha kimiminika inastahili kuaminiwa kuliko inayofungua hedi kwa kukisia.

Kuhusu misimbo ya makosa, ambayo wengi hukinunua kifaa hiki kwa ajili yake, sina mengi ya kusifu katika suala la gari kuchemsha. Injini inaweza kuchemsha hadi ikaharibika bila taa ya cheki injini kuwaka, kwa sababu kompyuta inalalamikia nyaya na sensa kuliko inavyolalamikia rejeta iliyojaa kutu. Misimbo inayofaa kufahamika ni michache: P0117 na P0118 huhusu waya au sensa ya joto la maji, P0128 husema injini haifikii joto lake, na P0480 huhusu mzunguko wa umeme wa feni, ingawa magari mengi ya zamani ya Japani hayana uwezo wa kuandika huo wa mwisho. Jambo la muhimu ni kutofuta msimbo kabla ya kuunakili. Kompyuta huhifadhi pamoja nao picha ya hali ilivyokuwa kosa lilipotokea, joto na mwendo vikiwemo, na kitufe cha kufuta huondoa vyote. Nimewaona mafundi wakifuta kwanza ili kumfurahisha mteja kwa taa iliyozimika, kisha wakaanza kuuliza tatizo lilikuwa nini.

Msimbo wa P0128 unastahili neno zaidi kwa sababu unagusa tabia iliyoenea katika gereji zetu, ya kung'oa thamostati na kuitupa kila gari linapochemsha. Huku kwetu tabia hiyo ina gharama inayoonekana wazi kwenye simu. Noah ninayoizungumzia, ilipoletwa kwangu, ilikuwa ikisafiri kati ya Makambako na Mafinga asubuhi yenye ukungu ikiwa na nyuzi 60 na kitu, haipandi. Kwenye joto hilo kompyuta inaweza kuendelea kuongeza petroli kidogo kana kwamba injini bado inapashwa joto, na oili haipati joto la kukausha unyevu. Thamostati mpya ya nyuzi 82 ikairudisha kwenye 84 hadi 88 na ikakaa hapo. Ndugu yake thamostati iliyong'olewa ni feni iliyofungwa dairekti, yaani kupewa umeme tangu swichi inapowashwa au kupitia kitufe kilichotobolewa kwenye dashibodi. Mchoro wa gari la namna hiyo hauna meno. Ni mstari ulionyooka, na mtu anaweza kudhani ni afya njema, kumbe mota inazunguka hata alfajiri ya Njombe ambako hakuna anayeihitaji, na kosa la awali kwenye sensa au rilei limeachwa bila kuguswa. Anayenunua gari lililotumika angefanya vyema kulipima kwa dakika 20 likiwa limesimama. Mstari ulionyooka na injini isiyofika 80 ni maswali mawili ya kumuuliza muuzaji kabla ya bei kujadiliwa.

Kuna kero ndogondogo. Kifaa kikiachwa kimechomekwa kinaendelea kunyonya umeme kidogo, na betri ya zamani katika asubuhi za baridi za Makete haina cha kugawa. Nenosiri la Bluetooth kwa vingi ni 1234 na halibadilishiki, kwa hiyo si busara kukiacha kwenye gari linalolala mtaani. Wenye iPhone wahakikishe wananunua cha WiFi au cha Bluetooth ya aina mpya, kwa sababu ile ya kawaida haitaunganishwa. Katika baadhi ya magari soketi iko mahali ambapo goti la dereva hukigonga, na nakala ya bei nafuu ikigongwa mara kadhaa huanza kukatakata mawasiliano. Kwa upande wa mwendo wa kusoma, nakala hizi ni za polepole kwenye magari ya zamani, lakini joto la maji halibadiliki haraka kiasi cha kuhitaji zaidi. Torque ina kengele ya tahadhari, na nimeiweka ilie kwenye nyuzi 103, ili nisilazimike kuitazama simu badala ya kona za Kitonga.

Mashine kubwa za gereji, zile za kibao zinazoletwa na mafundi wa umeme, zinafanya jambo moja ambalo nakala ya ELM327 kwa kawaida haifanyi: zinaweza kuiamuru kompyuta iwashe feni papo hapo bila kusubiri joto. Hiyo inaokoa muda, na kwa gari ambalo feni yake inaongozwa kwa kasi zinazobadilika, mashine hiyo inahitajika kweli. Kwa IST, Vitz, Spacio na nyingi za aina hiyo, kitufe cha kiyoyozi kinafanya karibu kazi ileile bure.

Wenye Hiace na Hilux za dizeli, na Land Cruiser za zamani, nawashauri fedha hiyo waielekeze kwingine. Feni zao nyingi huzungushwa na mkanda kupitia klachi yenye kimiminika kizito ndani yake, klachi hiyo inajiamulia yenyewe kwa joto la hewa inayotoka kwenye rejeta, na kompyuta, kama ipo, haina habari nayo. Kwao kipimajoto cha miale, kile chenye umbo la bastola, kitafaa zaidi: kielekezwe kwenye mpira wa juu, kisha wa chini, kisha kipitishwe polepole juu ya uso wa rejeta kutafuta eneo lililo baridi kuliko majirani zake, ambako mirija imeziba. Klachi yenyewe hupimwa kwa mkono, injini ikiwa imezimwa na bado ina moto: feni inayozunguka kirahisi raundi nyingi kwa msukumo mmoja wa kidole imepoteza kimiminika chake.